Mcheza kwao hutunzwa: lakini kwa kanuni za nani?

Kamati za michezo ya jadi katika vijiji vya Uskoti hurudia ubishi uleule. Je, mashindano ya ngoma yaendeshwe kwa kanuni za Bodi Rasmi ya Ngoma za Nyanda za Juu, iliyoundwa mwaka 1950, au wenyeji waachwe wacheze hatua walizorithi kwao?

Wanaoitetea Bodi wana hoja nzito. Jaji hutoa alama 100: ufundi 80, kwenda na mapigo 10, mkao na haiba 10. Mgeni aliyesafiri kutoka Kanada anajua atakachopimwa kabla hajavaa kilti, ile sketi ya miraba ya Kiskoti. Chukua ngoma ya Highland Fling. Kila hatua, yaani fungu moja la miondoko, ina vipimo 8 vya muziki vya mapigo 4, kwa hiyo hatua sita ni miruko ipatayo 192, yote mahali pamoja. Kisigino kikigusa mbao, alama zinapungua. Goti likielekea mbele badala ya kufunguka pembeni, zinapungua tena. Hata kidole gumba kina mahali pake: kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha kati. Makosa huongezeka miguu ikichoka na mchezaji akianza kusogea mbele bila kujijua.

Ngoma ya panga ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi faida ya kanuni iliyoandikwa. Panga mbili zimelazwa msalaba, mchezaji anaruka katikati yake, anaanza polepole, kisha anapiga kofi kumwashiria mpiga zumari aharakishe. Akiugusa upanga bila kuusogeza, anakatwa alama 5, akiusogeza, ametolewa. Mvua za kule zinajulikana: mbao zikilowa, viatu laini vya ngozi huteleza, na kofi likishapigwa hakuna muda wa kurekebisha mguu uliokwenda kombo. Bila kanuni, adhabu ingetegemea huruma ya jaji, na huruma ina majirani.

Upande wa pili, malalamiko makubwa ni kufanana. Kwenye mashindano ya ubingwa Bodi hutangaza mapema hatua za kuchezwa, basi walimu hufundisha hizo. Watoto wanane wakipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, mtazamaji asiye mtaalamu anaona ngoma moja mara nane. Hatua zisizo katika kitabu cha Bodi hazina pa kuonekana, na hatua isiyochezwa husahaulika.

Hata hivyo, tuwe waangalifu na neno "jadi". Mwanzoni waliokuwa wakishindana ni wanaume. Wanawake waliingia mwishoni mwa karne ya 19, na leo wasichana ndio wengi mno. Kijiji cha Aboyne, ambacho michezo yake ilianza 1867, kiliwakataza wasichana kuvaa kilti za kiume katika miaka ya 1950. Gauni jeupe lenye kitambaa cha tartani, yaani cha miraba ya Kiskoti, lililozaliwa na katazo hilo sasa linaonekana la kale kabisa. Kwa hiyo anayeilaumu Bodi kwa kuingilia mila akumbuke kwamba vijiji navyo vilijitungia.

Kwa maoni yetu, mashindano ya wazi yabaki chini ya Bodi. Michezo mingi tayari ina mashindano ya wenyeji tu, na hapo ndipo hatua za kwao zinapostahili kupewa nafasi. Tatizo ni kwamba jaji hawezi kugawa alama 80 za ufundi kwa hatua ambayo hajawahi kuiona. Njia nyepesi ni kila mchezaji awe na hatua mbili za kitabuni, zipimwe kama kawaida, na mbili za hiari zipimwe kwa mapigo na mkao peke yake. Jaji naye atoke kijiji kingine, maana mwalimu wa ngoma wa pale huenda amewafundisha nusu ya walio jukwaani.