Baba, na Sisi Tunahamia Lini?

Mwenzenu nina kesi na watoto wangu wawili, na kila nikitafuta shahidi wa upande wangu nakuta keshahamia Yanga.

Mimi Usimba sikuuchagua. Mwaka 1993, nikiwa na miaka minane, marehemu mzee alirudi nyumbani Keko kwa miguu kutoka Uwanja wa Taifa, akapita sebuleni bila kuitikia shikamoo ya mtu, akalala na viatu. Simba ilikuwa imefungwa mbili bila na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, hapa hapa Dar es Salaam, baada ya kwenda kwao na kurudi na sare ya bila kufungana. Tangu siku ile jina la Boli Zozo, mfungaji wao, lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu, kama jina la nyoka usiku. Mimi nilichoelewa ni kwamba kumbe kuna kitu kinachoweza kumlaza mzee na viatu vyake. Basi nikakiheshimu.

Halafu mzee akanisimulia kwamba mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga sita bila, na Abdallah Kibadeni peke yake akatupia tatu. Mwaka 1977 mimi sijazaliwa. Je, nilibisha? Niliomba kuoneshwa video? Niliamini palepale, tena kwa moyo mmoja, kwa sababu msimuliaji alikuwa na mkanda kiunoni.

Sasa njoo kwa watoto wa siku hizi.

Kijana wangu ana miaka minane. Nilimvisha jezi nyekundu siku ya arobaini, akitolewa nje kwa mara ya kwanza. Bibi zake wanataka kumvisha kofia ya kufuma, mimi nakazania jezi. Tatizo lake ni moja tu, alipata akili mwaka mbaya. Simba ilibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2018 mpaka 2021, na miaka hiyo yote bwana mkubwa alikuwa ananyonya na kula mchanga. Kufika 2022, ndiyo anaanza kuuliza nani kashinda leo, Yanga nao wakaanza nne zao mpaka 2025. Yaani tangu mtoto ajue kuhesabu, bingwa ni mmoja. Yeye anaona ubingwa ni sehemu ya jina la Yanga, kama mtu kuitwa Alhaji.

Nikasema sawa, nitamfundisha historia. Jioni moja umeme umekatika, nikawaweka wote wawili mkekani, yeye na mdogo wake wa kike wa miaka sita. Nikakohoa. "Mwaka 2003, mjini Kairo..."

Binti akadakia: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Nikameza mate nikaendelea. Nikawaambia Zamalek walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika nzima, Simba ikawafuata kwao Misri, mambo yakafika kwenye penalti, na langoni kasimama Juma Kaseja. Hapo nikainuka kabisa, nikapanua mikono, nikajirusha kwenye godoro kuwaonesha alivyodaka. Kiuno mpaka leo kinanidai. Waarabu wakavuliwa ubingwa, nchi nzima haikulala.

Kijana kimya. Halafu: "Kaseja yuko wapi sasa?"

Hilo ndilo swali ambalo sikujiandaa nalo. Maana ukweli ni kwamba mwaka 2013 Kaseja huyohuyo alikuwa anadaka langoni mwa Yanga. Ningeweza kudanganya, lakini mtoto anashika simu ya mama yake kuliko mama mwenyewe, dakika mbili tu angejua. Nikasema, "Alihamia kidogo." Akauliza, "Kidogo ni wapi?"

Nikaona nisimame kwenye mambo ya juzi juzi, yenye ushahidi. Nikamfungulia video ya msemaji wetu wa zamani, Haji Manara, enzi zile akiwachamba Yanga mpaka mtu unaona huruma. Mtoto akacheka, nikafurahi, nikasema leo nimempata. Video ikaisha, simu kwa kiherehere chake ikaleta nyingine yenyewe, Manara yuleyule, sauti ileile, yuko ndani ya njano na kijani anatuchamba sisi. Alihama 2021. Ikabidi nieleze kwamba baba yake, Sunday Manara, alikuwa nyota wa Yanga enzi zake, kwa hiyo damu ilimvuta. Nilidhani nimejitetea. Mtoto akanitazama akasema, "Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa Simba, akikua akaacha?"

Sasa ngojeni ya jezi.

Nilijibana mwaka jana mzima... hapana, mwaka juzi, 2024, nikaenda Kariakoo nikamnunulia jezi. Siyo ile ya elfu kumi inayochuja mpaka ndoo inakuwa damu, ile ya maana. Nikalipia na jina mgongoni: CHAMA, namba 17. Nilimwambia fundi abandike vizuri, lisitoke hata likifuliwa kwa maji ya moto. Fundi alikuwa mtu wa kazi, sina la kumlaumu. Mwezi wa saba Clatous Chama akatambulishwa Yanga.

Jina halitoki. Nimejaribu pasi, nimejaribu wembe, nimejaribu mafuta ya taa. Mama watoto akasema nitachoma nyumba kwa ajili ya Mzambia. Mtoto hakuwa na shida hata chembe, aliivaa ileile akaenda nayo msikitini, akaenda nayo dukani. Usiku wa siku ile tuko tunakula, akaweka tonge chini, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia basi la saa ngapi:

"Baba, na sisi tunahamia lini?"

Jamani, niliacha kula. Kaseja kahamia, Manara kahamia, Chama kahamia. Mtoto kaona kuna utaratibu, foleni inasogea, na baba yake kapitwa na zamu.

Na msidhani hayo yote nayahangaikia peke yangu kwa amani. Kuna shemeji yangu, mjomba wa watoto, Yanga wa kuzaliwa, ana bajaji ameifunga bendera mpaka abiria anaona njia kwa kuchungulia. Huyu bwana mpira hafundishi. Ananunua. Mimi nikiwa kwenye hotuba ya Kairo, yeye anakuja na chipsi kuku. Mimi nasema "uvumilivu", yeye anasema "pandeni twende Jangwani, klabuni kwetu". Nikimlalamikia dada yake, ambaye ni mke wangu, ananijibu kwamba yeye ni Taifa Stars, timu zetu haziingilii. Halafu namsikia jikoni anaimba wimbo wa Yanga. Nikiuliza, anasema ni wa kwenye redio ya jirani.

Tarehe 5 Novemba 2023 siitaki, ila kwa sababu mnaijua nitaipita haraka. Yanga tano, sisi moja. Nilitazamia kibanda umiza, nimelipa jero yangu, bao la nne nikatoka, la tano nililisikia nikiwa njiani kwa sauti ya mtaa. Mimi lile la tano silihesabu kwa kuwa sikuliona. Jumatatu yake binti, wakati huo yuko chekechea, akarudi amenyoosha kiganja, vidole vyote vitano. "Shikamoo baba." Kiganja hakishuki. Anakula kwa mkono mmoja, mwingine uko juu. Nikadhani ni shemeji. Kumbe wiki ile mwalimu alikuwa anafundisha namba, wamefika tano! Kati ya namba zote. Juma zima darasa linanyoosha viganja na kuimba, na mimi siwezi kwenda kulalamika shuleni kwamba mnamfundisha mwanangu hesabu.

Nami nina tano zangu, msinione hivi. Tarehe 6 Mei 2012, Simba tano, Yanga sifuri, hata hiyo moja ya kufutia machozi hawakupata. Nikamwambia kijana. Akauliza, "2012 mimi nilikuwepo?" Hukuwepo. "Mama ulikuwa umemuoa?" Bado. Akanihurumia. Kwake yeye jambo lililotokea kabla sijamuoa mama yake liko zama za sungura na fisi.

Basi Jumapili iliyopita shemeji akaja, tukakaa kwenye benchi la dukani kwa Mangi, akaleta hoja ya kiutu uzima. "Shemeji, tunagombania watoto kama mbuzi wa Idi. Tugawane. Kijana mimi nimeshamchukua, hilo unalijua. Basi binti chukua wewe, sitamgusa. Hata chipsi sitampa."

Iliniuma, lakini nikapiga hesabu. Kijana mwenyewe jezi yake ina jina la mtu aliyetuhama akaenda Yanga. Nikasema sawa. Ila tumuite, akubali mbele ya mashahidi. Mangi akawa shahidi.

Binti akaja anakimbia, mkononi ana kijiti cha aiskrimu ya ukwaju, shavu lote limepaka. Nikampakata. "Mama, mwambie mjomba wewe ni timu gani."

"Azam."

Tulidhani hajasikia swali. Shemeji akalirudia polepole.

"Azam," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole vile vile vya chekechea. "Aiskrimu Azam. Juisi Azam. Unga wa chapati Azam. Tivii Azam. Boti tuliyopanda kwenda Unguja Azam." Vidole vikaisha, akatutazama, mmoja mmoja. "Simba wana nini? Yanga wana nini?"

Mangi akageuka kupanga sabuni zilizokwishapangwa.

Nikajaribu. Nikamwambia Azam wamebeba ubingwa mara moja tu, msimu wa 2013/14. Shemeji akanisaidia, naapa ni mara ya kwanza tangu nimuoe dada yake kunisaidia jambo, akasema, "Tena hawana hata mtaa Kariakoo!" Mtoto akajibu kwamba Chamazi, kwenye uwanja wa Azam, ni karibu zaidi na kwetu, daladala moja tu. Ambalo ni kweli, sisi tunakaa Mbagala. Muziki wa baiskeli ya aiskrimu ukasikika kona ya pili, akateleza mapajani akaondoka zake.

Tukabaki tumekaa, wazee wawili, miaka tisini ya Simba na Yanga mabegani. Baada ya muda mrefu shemeji akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya msibani, "Shemeji, bora hata angekuwa Simba."

Ni neno zito lile kwa mtu kama yeye, na uungwana ulitaka nimrudishie. Nikafungua mdomo niseme bora hata angekuwa Yanga. Nikaufungua tena. Mwisho nikamwambia alipe soda.