Mbona umenuna? Mikunjo ya mdomoni na sindano zake

Kwa miaka kama mitatu hivi nimeulizwa "mbona umenuna?" mpaka nikachoka kujibu. Na wala sikuwa nimenuna, nilikuwa nimekaa tu nawaza mambo yangu, saa nyingine hata siwazi chochote, alafu mtu anapita ananiangalia kwa huruma eti pole, kuna nini. Siku moja nikaweka simu mezani, kamera ya mbele, nikainama kuitazama bila kutabasamu wala kujipanga. Aisee. Kona za mdomo zimeshuka, na kutoka pale mistari miwili inateremka mpaka kidevuni kama mtu kaniwekea mabano.

Kabla hujaanza kuniambia nizeeke kwa heshima zangu, nimeshasikia. Mvi zangu sijazigusa na makunyanzi ya macho nayapenda kwa kweli. Ila uso unaosema kitu ambacho mimi sijasema, huo ulikuwa unanikera.

Watu wanachanganya mikunjo miwili hapa. Kuna ule wa juu unaotoka pembeni mwa pua hadi kona ya mdomo, huo hata mtoto mdogo akicheka anao, ni sehemu ya uso bana, ukiufuta wote mtu anabaki kama katoka kwa daktari wa meno na ganzi haijaisha. Wa chini sasa, unaoanzia kona ya mdomo kwenda kidevuni, ndo wenye kesi. Wanaiita mistari ya kikaragosi, kwa sababu wale wanasesere wa kuvutwa na kamba taya lao huchongwa mbali likapachikwa, kwahiyo wana mistari miwili hivo hivo.

Na kitu ambacho mimi sikukijua ni kwamba tatizo haliko kwenye mstari wenyewe. Mfupa wa taya unapungua kadiri umri unavyoenda, na ukiwa umeng'oa meno unapungua zaidi, mafuta ya shavuni nayo yanapungua mengine yanateremka, kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi, inaisha taratibu (jua na sigara zinasaidia sana kuimaliza), alafu kuna msuli mdogo kila upande ambao kazi yake ni kuvuta kona ya mdomo chini na huo hauchoki. Pembeni mwa kidevu ngozi imefungwa kwenye mfupa na kano, sasa nyama ikishuka kutoka juu ikifika pale inakwama, kama soksi iliyolegea inavyojikunja kwenye kifundo cha mguu. Yani ule mstari ni mahali mzigo umekwamia tu.

Mi nilienda kliniki ya kwanza bila kujua lolote kati ya hayo. Nikalazwa kitandani chali, yule bwana akafuata mstari na sindano ya fila, yaani kitu cha kujazia chini ya ngozi, kuanzia juu mpaka chini, kulia, kushoto, dakika kumi tumemaliza. Nikajiona kwenye kioo nimevimba kidogo lakini laini, nikafurahi. Wiki mbili baadae uvimbe umeshuka nacheka na mtu nikahisi kitu kama uzi mnene chini ya ngozi, na ukinitazama kwa pembeni unauona kabisa, mdomo umekuwa mzito kama nimeficha pipi.

Kuja kuelewa kosa ilinichukua muda. Jaribu mwenyewe: shika kioo, kaa wima, ujiangalie, alafu lala chali ukishika kioo kilekile juu ya uso. Mikunjo inapotea karibu yote! Nyama imerudi nyuma kuelekea masikioni. Sasa mtu anayekupima umelala anajaza kitu ambacho hakipo. Daktari wa pili, yule wa ngozi, alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nicheke, ninune, nitamke "o", akachora alama na kalamu nyeupe nikiwa nimekaa hivo hivo, na nusu ya alama hizo hazikuwa hata karibu na mstari. Kidogo shavuni, kidogo pembeni mwa kidevu pale penye bonde, na kwenye kona ya mdomo matone tu ya kuinyanyua. Bomba moja la fila ni mililita 1, yaani sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai, kwahiyo usidhani unajaza ndoo.

Kabla ya hapo lakini ilibidi afute kazi ya mwenzake, na hapa ndo nina msimamo mkali kidogo. Fila za asidi ya hayaluroniki, ambazo ndo nyingi siku hizi, zinayeyushwa na kimeng'enya kinaitwa hayaluronidezi, unachomwa na kule kuvimba kunashuka hata ndani ya siku moja au mbili. Zile za kalisiamu hazina dawa ya kuziyeyusha namna hiyo, ukiharibiwa unasubiri. Silikoni ya maji ndo usiniambie kabisa, hiyo haitoki, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuiruhusu kuchomwa usoni kwa urembo. Kwahiyo kwa mtu wa mara ya kwanza mi sioni sababu ya kuanza na kitu kisichorudi nyuma, hata kama kinadumu zaidi. Restylane, moja ya hizo fila za hayaluroniki, ilipata kibali cha FDA mwaka 2003 kwa mikunjo ya usoni kama ule wa juu unaotoka pembeni mwa pua, sio kitu cha jana, na hizi jeli zinakaa miezi 6 hadi mwaka au zaidi kidogo kutegemea aina na mwili wako.

Swali la kumuuliza mtu anayetaka kukuchoma ni moja tu, kile kimeng'enya unacho hapa hapa kwenye droo? Akianza kuzungukazunguka, shika mkoba wako. Ateri ya uso inapanda kutoka kwenye taya, inapita karibu na kona ya mdomo, inaenda mpaka pembeni mwa pua, na jeli ikiingia ndani yake damu haipiti, ngozi inaweza kufa, na imeshatokea watu wakapoteza jicho. Ni nadra, sawa, lakini dakika zinahesabika. Maumivu makali yasiyoeleweka, ngozi kupauka au kuwa na madoa kama wavu, macho kuona ukungu, usisubiri kesho. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kupauka hakuonekani haraka, kwahiyo bonyeza kidole uachie, uone kama rangi inarudi upesi kama upande wa pili. Vile vikalamu vya kupuliza fila bila sindano wanavyouziana mtandaoni FDA ilivionya 2021, sijui kwanini watu bado wanajifanyia wenyewe chumbani.

Alafu kuna wakati fila sio jibu. Ngozi ikishalegea sana ukiendelea kujaza unapata uso mpana tu, mzito huku chini, na mstari uko palepale umezungukwa na uvimbe. Daktari anayekwambia "mimi hapa siwezi kukusaidia, huyu ni wa upasuaji au tuache" huyo namheshimu kuliko mwenye picha elfu moja za kabla na baada. Wangu alikataa kuniongeza bomba la pili. Nilinuna, safari hii kweli.

Sa hivi ni mwezi wa tisa tangu nichomwe. Kulia bado pako vizuri, kushoto mstari umeanza kurudi, nalalia upande huo na sijaweza kuacha. Jana kazini mtu kaniuliza kama nimelala vibaya. Angalau hajasema nimenuna.