Picha ya uvunguni mwa gari iko wapi?

Nimechoka na wauzaji wa stesheni wagoni za zamani huku Marekani. Natafuta Ford Country Squire, ile yenye ubavu unaofanana na mbao kumbe ni plastiki ya kubandika. Nikiikosa, basi Buick Roadmaster ya 1994 hadi 1996, yenye injini ya V8 ya lita 5.7. Country Squire ya mwisho ni ya 1991, yaani hata iliyo changa kabisa ina zaidi ya miaka 30. Gari la umri huo, swali la kwanza ni kutu. Na kutu haianzii kwenye usukani!

Lakini tangazo lina picha 20: boneti, usukani, nembo, hata kisahani cha majivu. Ya uvunguni hakuna. Ukiomba, unajibiwa "kutu kidogo tu".

Jumamosi nimeendesha mwendo wa saa tatu kwenda kuiona moja Ohio. Nikatandika kadibodi, nikalala chini, nikawasha tochi ya simu. Sakafu upande wa dereva imeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani msimu wa theluji. Nililiona zulia kutokea chini. Juu ya tairi la nyuma nikaweka sumaku, ikaanguka. Hakuna chuma cha kuishika: ni puti tupu ya kuzibia mashimo, imepakwa rangi. Mwenye gari kimya.

Jamani, simu mnazo. Inameni, pigeni picha moja ya uvunguni, iwekeni ya kwanza. Gari lenye kutu nitalinunua pia, ila kwa bei ya gari lenye kutu.