Tewa mkubwa aachwe

Jumamosi asubuhi, soko la samaki Mji wa Kale, Mombasa, mzee mmoja muuzaji alininyanyulia tewa ambaye mkia wake ulikuwa ukiburura sakafuni. "Huyu ndiye samaki, mwanangu. Hao wadogo waachie paka." Kabla sijajibu, watu walishamzunguka wakipatana bei, na tewa akaisha vipande vipande. Nilirudi nyumbani na tafi wangu watatu, moyo mzito.

Tewa walio wengi huanza maisha wakiwa majike. Hutaga miaka kadhaa, kisha baadhi yao, wakishakuwa wakubwa, hugeuka madume. Kwa hiyo yule wa Jumamosi yamkini alikuwa dume, na madume ya tewa ni machache tangu hapo. Huko Ghuba ya Mexico, aina moja ya tewa ilivuliwa sana hata madume yakashuka kutoka takriban 17 kwa kila samaki 100 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi kama 2 hivi miaka ya 1990.

Pono naye ni vivyo hivyo. Wale wa rangi ya kahawia iliyofifia mara nyingi ni majike. Yule wa kijani na samawati anayeng'ara, anayelinda sehemu yake ya mwamba, ni dume, na mara nyingi alianza akiwa jike. Na usingizi wa pono sote twaujua. Usiku mzamiaji mwenye tochi na mkuki humwokota kama embe lililoanguka.

Wavuvi huniambia: si atageuka mwingine? Ni kweli. Yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi, anayewadonoa wenzake vimelea, dume akitoweka jike mkubwa huanza mwenendo wa kiume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili hivi ana mbegu. Lakini anayegeuka ndiye aliyekuwa na mayai mengi kuliko wenzake. Ndoana imetoa dume mmoja, mwamba umepoteza na mtagaji wake bora. Tena tewa hakui kwa wiki mbili, huchukua miaka.

Kila tunapozungumzia uvuvi pwani hii, tunazungumzia matundu ya nyavu, ili wadogo wapone. Naunga mkono, na juya, ule wavu wa kukokota unaozoa hata wadogo, lisirudi kamwe. Ila kwa samaki wa namna hii kipimo cha chini pekee hakitoshi. Pawe na cha juu pia. Vikundi vya usimamizi wa fuo vinaweza kuanza, na hoteli za Nyali na Bamburi zikatae kununua tewa aliyezidi urefu watakaokubaliana. Asipopata mnunuzi, mvuvi atamfuatia nini?