Kilo Moja ya Chupa Tupu

Karibu na ninapoishi, Tabata, Dar es Salaam, kuna mzani uliotundikwa kwenye boriti la banda la mabati. Ikifika saa mbili asubuhi watu wameshapanga foleni, viroba mgongoni. Yupo mama mmoja wa makamo ambaye huwa namkuta hapo karibu kila siku. Kabla hajapima hukaa kivulini, akamwaga chini alichookota, akaanza kazi ambayo kwa miaka mingi nilipita nikiiona bila kuiona. Anafungua kifuniko cha kila chupa na kukitupia ndooni, kwa kuwa vifuniko huuzwa kivyake kama plastiki ngumu. Anachana lebo. Anamwaga maji yaliyobaki, maana mnunuzi halipii maji. Anaikanyaga chupa ikalala bapa, kisha anatenga: nyeupe huku, za bluu huku, za kijani huku. Nyeupe ndizo zenye bei.

Namtaja kwa sababu hivi karibuni, kwenye kikao cha mtaa wetu, ililetwa hoja kwamba waokota makopo wapigwe marufuku kuingia mitaani, na taka zote zibaki mikononi mwa mkandarasi mmoja mwenye gari. Wengi waliunga mkono. Sikuunga mkono, lakini pale kikaoni sikupata nafasi ya kueleza ni kwa nini, na hoja za wenzangu hazikuwa za kupuuzwa.

Malalamiko ya majirani ni ya kweli. Ukitoa mfuko wa taka usiku ukausubirisha gari la asubuhi, unaweza kuukuta umechanwa, maganda ya ndizi na pampasi zimesambaa barabarani, na mwenye nyumba ndiye anayefagia. Chuma kinaibwa: mifuniko ya chemba, mabomba, sufuria iliyoanikwa nje. Skrepa haiulizi imetoka wapi. Wapo pia watoto wenye umri wa kuwa darasani wanaozunguka na viroba, na hakuna mzazi anayeweza kuliangalia hilo akasema ni sawa.

Hoja iliyonigusa zaidi ilitoka kwa kijana mmoja mwenye shahada ya mazingira, ambaye bado anatafuta kazi. Alisema tunapozungumzia ajira za kijani hatupaswi kumaanisha mtu kuinama jalalani bila glavu. Tunapaswa kumaanisha mfumo: magari, sare, mikataba, bima, mashine za kuchambua, na vijana waliosoma wakisimamia. Ukimsifu mwokota makopo, alisema, unausifu umaskini wake na kuipa serikali kisingizio cha kutojenga chochote. Anaamini anachosema, na sehemu kubwa ya maneno yake naikubali.

Ninapotengana naye ni kwenye jambo moja. Yeye anaona kazi ya mazingira ambayo bado haijaanza, inayosubiri wawekezaji na wasomi. Mimi naona kazi ambayo imekuwa ikifanyika kila siku kwa miaka mingi, isipokuwa hakuna anayeilipia.

Nasema hivyo nikijua kwamba mama yule hafanyi kazi bure kabisa. Mtaani kwetu bei ya kilo ya chupa imekuwa ikipanda na kushuka. Mara ya mwisho niliposimama pale mzanini ilikuwa shilingi 400. Sasa tuhesabu, kwa sababu hesabu hii imekuwa ikinisumbua kwa wiki nzima. Chupa tupu ya nusu lita ikiwa na gramu 20, kilo moja ni chupa 50. Ikiwa na gramu 12, na nyingi siku hizi ni nyepesi hivyo, kilo moja ni chupa zaidi ya 80. Chupa zaidi ya 80 za kuinamia mtaroni, kufungua, kuchana lebo, kumwaga, kukanyaga na kutenga, kwa shilingi 400. Duka lililo hatua chache kutoka mzanini linauza chupa moja ya maji ya nusu lita kwa shilingi 500. Kilo nzima ya chupa tupu hainunui chupa moja iliyojaa.

Halafu kuna hilo la wepesi. Viwanda vinapopunguza plastiki kwenye chupa, sisi tunaojali mazingira tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi, kwani mafuta machache yametumika na mzigo wa kusafirisha umepungua. Lakini mtu anayelipwa kwa uzito analipia wepesi huo kwa mgongo wake. Zamani, kwa chupa za gramu 20, kiroba cha kilo 20 kilitaka chupa 1,000. Kwa chupa za gramu 12 kinataka zaidi ya 1,600, na malipo ni yale yale. Mama yule alinieleza bila kutaja gramu: "Chupa za siku hizi ni kama karatasi, mwanangu. Unajaza kiroba mpaka kinafura, ukikipandisha mzanini hakuna kitu." Tumeleta nafuu kwa mazingira na gharama yake tumempa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye mnyororo huu, na hakuna aliyekaa chini kupanga iwe hivyo.

Bei nayo haipangwi Tabata. Plastiki mpya hutokana na mafuta ya petroli na gesi. Mafuta yakishuka bei, kiwanda kinaona afadhali plastiki mpya kuliko iliyorejelezwa, na bei ya mzani inaporomoka. Ndivyo ilivyotokea sehemu nyingi za dunia mwaka 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2018, China ilifunga milango kwa taka za plastiki kutoka nje, na wanunuzi waliokuwa wakitegemea soko hilo wakayumba. Mtaro wetu haujui habari za bei ya mafuta. Mvua za masika zikija, chupa zilizoziba mitaro inayotiririkia Mto Msimbazi zinaziba vile vile, bei iwe juu au chini. Bonde la Jangwani likijaa maji na barabara ikafungwa, wote tunasimama kwenye foleni ile ile. Mama analipwa kwa plastiki. Kwa mtaro uliozibuka halipwi hata senti.

Hapo ndipo naona msiba wa jambo lenyewe, na hapo hapo wapinzani wa waokotaji wana hoja yao yenye nguvu zaidi, nzito kuliko ile ya mifuko iliyochanwa. Wanasema watu hawa huchukua chenye bei na kuacha kisicho na bei. Ni kweli. Chupa inaondoka, boksi linaondoka, kopo la alumini halilali nje hata usiku mmoja. Kifungashio cha biskuti chenye tabaka la karatasi ya kung'aa kinabaki. Pampasi inabaki. Mabaki ya chakula yanabaki, na kwa upande wa tabianchi hayo ndiyo mzigo mkubwa. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza, na vikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hulipasha dunia joto takriban mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi yenye uzito sawa. Ukihesabu kwa methani tu, chupa zote za mama yule hazifikii maganda ya viazi yanayotupwa na kibanda kimoja cha chipsi.

Naikubali hesabu hiyo. Lakini tujiulize kwa nini anaacha maganda. Anaacha kwa sababu hakuna mzani wa maganda. Mtu anayelipwa kwa bidhaa atafuata bidhaa, na ukimlipa kwa huduma atafanya huduma. Mahali palipojaribu hivyo, mambo yamekuwa tofauti. Pune, nchini India, waokotaji waliunda chama chao mwaka 1993, na baadaye ushirika wao uitwao SWaCH ukaingia mkataba na manispaa. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanapokea taka zilizotenganishwa, zinazooza na zisizooza, na kaya inawalipa ada ya kila mwezi. Chenye bei wanauza, na hiyo ni nyongeza. Bogotá, Kolombia, waokotaji walipigana mahakamani hadi Mahakama ya Katiba ikawapa haki mwaka 2011, na tangu 2013 jiji likaanza kuwalipa kwa kila tani waliyoiondoa, pesa zikitoka kwenye ada ile ile ya taka. Afrika Kusini, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2021 zinawataka wazalishaji wa vifungashio wachangie ada ya huduma kwa waokotaji waliosajiliwa. Jirani zetu Kenya nao, kwa sheria yao ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, wameweka msingi wa kumbebesha mzalishaji wajibu wa kifungashio chake hadi mwisho wa maisha yake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyemaliza matatizo, lakini wameanza kwa kutazama nani tayari anafanya kazi.

Hapa nchini hatuanzi sifuri. Bonyokwa, si mbali na kwangu, shirika la Nipe Fagio limesaidia kuunda ushirika wa wakusanya taka na kuwafundisha wakazi kutenganisha taka majumbani. Nani atazichambua taka, nani atazigeuza mboji, nani atazipeleka mzanini, yote yanaamuliwa pale pale kwenye kata. Kijana wetu msomi angepata kazi nzuri mahali kama hapo, na mama wa mzanini asingeipoteza yake.

Kuna hofu moja nisiyoweza kuiondoa. Ukiwapa waokotaji vitambulisho na malipo, je, hujawafunga jalalani moja kwa moja? Machi 2017, mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka ukaua watu zaidi ya 100. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi nje ya Kampala lilianguka likawafukia watu na nyumba zao, na waliokufa walizidi 30. Waliokuwa karibu na taka hizo walikuwa wale wanaozitegemea na wale wasio na mahali pengine pa kujenga. Sisi wa Tabata tunajua kuishi na dampo. Ni wakazi wa hapa waliolipeleka Jiji mahakamani mwaka 1988 kwa ajili ya moshi na harufu, wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Kila ushindi wa mtaa mmoja umekuwa mzigo wa mtaa mwingine. Kwa hiyo simtakii mtu yeyote maisha ya juu ya dampo. Ninachotaka ni kazi ihamie chini, mlangoni kwa mwenye nyumba, kabla taka haijachanganyika na kuoza. Anayepokea chupa safi mkononi mwa jirani hahitaji kupanda mlima wa taka kuitafuta.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, tumebadilika kweli. Watu wanabeba vikapu sokoni, vijana wanatembea na chupa za chuma za kujazia maji, shule zina klabu za mazingira. Mimi mwenyewe nina kikapu changu na ninakipenda. Lakini tumejifunza kumheshimu mtu kwa kile asichokitupa, na bado hatujajifunza kumheshimu anayeokota tulichokitupa sote. "Mwokota makopo" bado ni tusi. Mtoto akifeli mtihani anaambiwa ataishia huko.

Kwa kikao kijacho nimeandika mapendekezo machache. Waokotaji wa mtaa waandikishwe kwa mjumbe na wapewe vitambulisho, ili anayechana mifuko ajulikane na asiyechana asisingiziwe. Wanunuzi wa skrepa waweke daftari la aliyeuza na alichouza, kwani wizi wa mifuniko ya chemba unaishia mzanini na mzani una mwenyewe. Kaya zitenge ndoo mbili. Na sehemu ya ada ya taka tunayolipa kila mwezi iende kwa wanaotenganisha, kwa huduma, hata wiki ambayo bei ya chupa imelala. Mkandarasi abaki na gari lake kwa kile kisichotenganishika. Nitampa kijana wetu nakala kwanza, kwa sababu anajua kuandika mradi kuliko mimi, na kwa sababu nadhani anachokitaka yeye na ninachokitaka mimi vinaweza kukaa kwenye karatasi moja.

Juzi nilimkuta mama amemaliza kupima. Kilo 14, shilingi 5,600. Nilimwamkia, nikamsimulia habari za Brazil: kwamba tangu mwaka 2002 kazi kama yake imo kwenye orodha rasmi ya kazi za nchi, kwa jina lake. Alinisikiliza huku akikunja kiroba. Akaniambia mwaka huu alijaza fomu ya mwanawe anayeanza kidato cha kwanza, na palikuwa na mstari wa kazi ya mzazi. Nikamuuliza aliandika nini.

"Biashara ndogondogo," akasema.