Fizio akitoa rula usinune

Mjomba wangu wa Mbagala alianguka na bodaboda akaumia goti, akakaa na POP (plasta ngumu) wiki sita. Siku ya kwanza ya mazoezi kwa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alirudi kanuna, "nimetoa hela, kijana kanipima na rula, kanisukumasukuma mguu, njoo Alhamisi." Simlaumu, ukipanda daladala mbili halafu nusu ya muda ikaishia kwenye kuandikwa namba unajiona umepigwa.

Ila ile rula ina kazi yake bana. Ni goniometa, mikono miwili, kitovu kinakaa ubavuni mwa goti, mkono mmoja unaelekea nyonga mwingine kifundo cha mguu. Goti zima linakunja kama digrii 135, la mjomba lilisoma 60. Ngazi zinataka karibu 90, choo cha kuchuchumaa zaidi ya 110, sasa bila ile 60 utabaki na "naona nafuu", na nafuu ya mtu aliyetoka kumeza dawa ya maumivu sio nafuu ya goti.

Wiki iliyofuata ikasoma 64, nyumba nzima shangwe, mkewe mpaka kapika pilau. Jamani, hata kwa mtu makini goniometa inaweza kupishana digrii 5 hivi, kwahiyo 64 inaweza kuwa 60 ileile, tena siku hiyo alipima mtu mwingine na mjomba alikuwa kakaa, sio kalala kama mwanzo. Ndo maana fizio anayekulaza vilevile kila siku na kuutafuta mfupa kwa kidole kabla ya kuweka rula, huyo hakupotezei muda hata kidogo.

Kwenye kupima nguvu ya misuli, hapo wanaolalamika wana hoja. Ile ya fizio kukukandamiza mguu kwa mkono we ukimkazia, halafu unapewa alama 0 mpaka 5, chimbuko lake ni Marekani miaka ya 1910 enzi za polio. 3 haina ubishi, unaunyanyua mguu mwenyewe bila kukandamizwa. 4 ndo tabu, ni kuhimili kukandamizwa kiasi, na fizio mwembamba na fizio wa gym hawawezi kuwa na 4 moja. Mjomba aliandikiwa 4 na bado konda alikuwa anamvuta mkono kupanda daladala. Walipomwambia akae kwenye kiti asimame mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30 akapata 7, hiyo alihesabu mwenyewe kwa sauti na hakununa.

Juzi goti limesoma 92. Ngazi anapanda, chooni bado anaingia na kiti chake cha plastiki kilichotobolewa katikati.