Msifute Mtihani wa Bwawa, Fundisheni Kuogelea

Kila mahafali yanapokaribia, baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani hurudia ugomvi uleule. Kijana amemaliza hesabu, amemaliza fizikia, tasnifu yake imepita, kisha orodha ya masharti ya kuhitimu inaonyesha kitu kimoja kimebaki: hajaogelea. Watu huguna, wakauliza bwawa na shahada wapi na wapi. Chuo Kikuu cha Chicago kilifuta sharti hilo mwaka 2012. Dartmouth wakalifuta mwaka 2022, na moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba mtihani huo unawaelemea zaidi wanafunzi weusi na wale waliokulia mbali na mabwawa.

Hoja hiyo inaniudhi, na si kwa sababu ni ya uongo. Ni kweli kabisa. Kinachoniudhi ni kuona ukweli mzito namna hiyo ukitumiwa kumwacha mtoto wa watu aondoke chuoni vilevile alivyoingia.

Tazameni takwimu. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na taasisi ya chama cha kuogelea cha Marekani ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto weusi nchini humo hawajui kuogelea au wanajua kidogo tu; kwa watoto weupe ni asilimia 40. Wataalamu wa afya wa serikali yao wanasema watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango kinachozidi cha weupe mara 7.6. Chanzo kinajulikana: miji iliyowafungia weusi mabwawa kwa miongo mingi, na mingine ikaona heri kuyafukia kuliko kuogelea pamoja nao. Mzazi asiyejua maji huwaweka wanawe mbali nayo, na woga ukarithiwa kama shamba.

Tarehe 2 Agosti 2010, huko Shreveport, Louisiana, kijana mmoja alikuwa akitembea kwenye maji mafupi ya Mto Red akakanyaga pasipo na chini. Ndugu na jamaa zake wakaingia kumwokoa, mmoja baada ya mwingine. Wazee wao walikuwa ukingoni wanatazama, na hakuna aliyejua kuogelea. Yule aliyeteleza aliokolewa na mpita njia. Vijana sita waliomfuata hawakutoka hai.

Sasa niambieni: mnafahamu yote hayo, mnapokea kijana wa miaka 18 ambaye jamii nzima ilimnyima somo hili, mnalo bwawa lenye maji ya moto, mnao walimu na ratiba, halafu haki mnayomtendea ni kumruhusu asijifunze? Miaka minne ya chuo ndiyo mara ya mwisho maishani mwake kupata bwawa na mwalimu mahali pamoja bila kulipia ada nyingine. Akishahitimu atakuwa na kazi na watoto, na aibu ya mtu mzima kuvaa maboya mbele ya wavulana wa miaka sita.

Wengi wanaoupinga mtihani huu wala hawajui ulivyo. Kule MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ni yadi 100, yaani kama mita 91, bila kupumzika, kwa mtindo wowote. Columbia na Cornell wamezoea yadi 75, kama mita 69. Si mashindano: anayekwenda polepole kama kobe anapita sawa na bingwa. Na asiyeweza? Hapo MIT anachukua darasa la wanaoanza, sharti linahesabiwa limetimia, na darasa hilo linaingia kwenye kozi nne za mazoezi ambazo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima azifanye. Kiini cha sharti ni darasa hilo. Mtihani ni chekeche tu ya kujua nani anahitaji kufundishwa.

Na kufundisha mtu mzima kuogelea hakuhitaji miujiza. Vipindi viwili kwa wiki vya dakika 45, wiki 12, wanafunzi wasiozidi 8 kwa mwalimu mmoja, na mwokoaji aliyesimama pembeni ambaye hana kazi nyingine ila kutazama. Maji yawe nyuzi 28 hadi 30. Chini ya 26 anayeanza hutetemeka, misuli hukakamaa, na mwili uliokakamaa hauelei vizuri.

Wiki mbili za kwanza hazina kuogelea. Ni maji ya kifuani na kujifunza kutoa pumzi. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu kila mtu amefundishwa tangu utotoni kubana pumzi akizama. Kinachomsukuma mtu kutafuta hewa kwa nguvu ni hewa chafu ya kaboni kujaa mwilini zaidi kuliko oksijeni kupungua. Asipotoa mapovu uso ukiwa ndani, mdomo unapotoka nje inambidi atoe na avute kwa sekunde moja, na hapati lolote. Baada ya mita 15 anasimama, anasema hana pumzi. Pumzi anayo tele, ila imechacha. Mwalimu anayeruka hatua hii ili darasa lionekane linakwenda mbio atairudia wiki ya nane, wanafunzi wakiwa wameshaogopa.

Wiki ya tatu na ya nne ni kuelea, tena chali kwanza. Masikio ndani ya maji, kidevu juu kidogo, kitovu juu, mapafu yamejaa. Wenye miili mikavu watalalamika kuwa miguu inazama. Wanyooshe mikono nyuma ya kichwa, mizani itarudi. Kabla hata ya hapo wafundishwe kusimama kutoka kwenye kuelea: magoti kifuani, viganja visukume maji chini, kichwa kipande. Hofu kubwa ya asiyejua kuogelea ni kulala juu ya maji asijue atasimamaje. Ukishaiondoa hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Miguu hufuata. Teke litoke nyongani, kifundo kiwe kimelegea. Anayekunja magoti kama mwendesha baiskeli anasukuma maji mbele, na wapo wanaorudi kinyumenyume hivyo. Kisha mikono, kisha kupumulia upande. Anayeinua kichwa mbele ili avute hewa huzamisha miguu papo hapo, mwili unakuwa mshazari, na kila hatua inakuwa kama kupanda mlima. Macho yatazame sakafu ya bwawa, kichwa kizunguke pamoja na bega.

Wiki tatu za mwisho ni za kina kirefu. Kushuka kwa ngazi, kushika ukingo, kuachia, kukaa wima pale pale kwa kupiga miguu, kuruka, kugeuka na kurudi ukingoni. Halafu umbali: urefu mmoja, pumzika, urefu mmoja, kisha miwili mfululizo. Kwa asiyejiamini napendekeza mtindo wa chali wa taratibu: viganja vipande kando ya mbavu, mikono ifunguke, isukume hadi mapajani, kisha uache mwili uteleze ukihesabu hadi tatu. Uso uko nje muda wote. Kwenye bwawa la yadi 25, zile yadi 100 za mtihani ni urefu mara nne tu. Mwenye ufundi huo anayeshindwa siku ya mtihani, mara nyingi ni yule aliyeanza urefu wa kwanza kwa pupa.

Na marufuku kabisa kushindana kukaa chini ya maji, au kuhema haraka haraka kabla ya kuzama. Mwili hupoteza fahamu bila onyo lolote, hata kwa muogeleaji hodari.

Wahenga wanasema mfa maji haishi kutapatapa. Waokoaji watakuambia mambo ni mabaya kuliko hivyo: mtu anayezama hasa mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji pande zote mbili, na kati ya sekunde 20 na 60 amekwenda kimya kimya, huku wenzake wakidhani anacheza. Nalo hilo lifundishwe, maana darasa la kuogelea ni darasa la kumtambua mwenzako pia.

Nakubali, shingo upande, kwamba vyuo vingi vimeuendesha mtihani huu vibaya. Mwanafunzi ameachwa aahirishe hadi mwaka wa nne, kisha akasimamishwa kwenye ukingo mmoja na watu waliokulia majini, wenzake wakitazama. Wengine hawana saa ya wanawake pekee yenye mwalimu na mwokoaji wa kike, au wanakataza vazi refu la kuogelea wakati kisichofaa ni nguo pana ya pamba tu, maana inanywa maji na kuvuta mwili chini. Kofia kubwa za kutosha nywele za rasta na za kusuka zipo madukani, chuo kizinunue. Mwenye ulemavu apangiwe njia yake, na aliyewahi kumpoteza mtu majini asilazimishwe kwa kutishiwa shahada. Nakubali pia kuwa mita 91 za bwawani si mto wenye mkondo. Lakini zinakununulia dakika, na dakika ndiyo inayomfikisha mwokoaji.

Masharti mengine ya elimu ya viungo siyatetei kwa nguvu hii. China wanapima wanafunzi wa chuo mbio za mita 1,000 kwa wanaume na 800 kwa wanawake. Stamina hiyo hupotea mtu akiacha mazoezi. Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania waliwahi kuwalazimisha wanafunzi wanene tu kuchukua kozi ya mazoezi, wakaiacha mwaka 2009 baada ya kelele, na walistahili kelele hizo.

Wala msiutetee mtihani kwa hadithi ya Harvard, kwamba Harry Widener, mhitimu wao, alikufa meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, na mama yake akatoa maktaba kwa sharti kila mwanafunzi ajue kuogelea. Si kweli. Na maji yale yalikuwa chini ya nyuzi sifuri. Baridi iliwaua hata waliojua kuogelea.

Kwetu tunazo ajali za Ziwa Victoria: meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, kilichopinduka karibu kabisa na gati la Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Kivuko kikipinduka humfunika hata ajuaye maji, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kujaza watu kupita kiasi. Lakini Mwanza, Kisumu, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kuna vyuo vikuu vinavyotazama maji kila asubuhi. Darasa hili hapo lingepata kazi ya kweli, hata bila bwawa jipya. Pwani inatosha kamba, maboya na sehemu yenye mchanga, wakati wa maji mafu na si bamvua, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa kwa nguvu, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Ziwani tahadhari, kwa ajili ya kichocho: huko litumike bwawa, hata la kukodi hotelini.

Na kipimo kifanyike wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, faragha, wanafunzi wachache wachache. Anayeshindwa aandikwe darasani siku hiyohiyo, kabla hajachagua kozi nyingine yoyote, na kipindi kiwekwe kwenye ratiba yake kama kipindi cha hesabu. Akifika mwaka wa nne bila kufundishwa, aulizwe mpanga ratiba.